Ugonjwa wa Kila Alhamisi

Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaa kuandika kuhusu bei ya pamba, jambo ambalo wasomaji wangu wa siku zote mmezoea kunisikia nikililalamikia kila msimu, simu ikaita kutoka Bariadi. Alikuwa kijana wa mdogo wake nesi mmoja niliyemfahamu zamani. Hakuzunguka. "Shikamoo baba. Mama mkubwa ametutoka leo alfajiri. Presha. Tunazika Jumanne, nyumbani Nyalikungu." Nikaitikia marahaba, nikampa pole, nikakata simu, nikabaki naitazama karatasi. Halafu nikafanya jambo la kijinga. Siku zile mbili hadi mazishi niliyapitia magazeti yote kutafuta kama kuna mtu ameandika walau mistari miwili juu yake. Wiki hiyohiyo alikuwa amefariki diwani mmoja mstaafu, akapewa nusu ukurasa na picha. Yeye hakupewa kitu, kwa sababu alikuwa nesi wa zahanati za vijijini maisha yake yote, na nesi wa zahanati kwetu huandikwa gazetini pale tu anapotuhumiwa kuiba dawa. Kwa hiyo bei ya pamba itasubiri. Leo naandika nikiwa na hasira, na nimemwomba mhariri asinipunguzie hata neno.

Msije mkadhani namsifu malaika. Marehemu alikuwa na mdomo. Kina mama wa kliniki walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwenyekiti wa kijiji; ukimletea kadi ya mtoto imelowa mafuta ya taa, utasimama mbele ya wenzako ueleze kadi ile ulikuwa unafungia nini. Alitoka kwenye familia ya wakulima wa Maswa, watu wa kanisani, na alikuwa na mwili mkubwa, mwendo wa haraka, na tabia ya kukunja mikono ya gauni lake jeupe kila alipotaka kusema jambo zito, kama mtu anayekwenda kufua. Wagonjwa wengine walimwita sista, wengine wakamwita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Mimi nilimwita sista. Tulifahamiana kwa karibu muda usiozidi miaka miwili, nikiwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi upande wa Mwamapalala, siku hizi ni Wilaya ya Itilima, wakati huo yote tukiiita Bariadi, na Bariadi yenyewe ikiwa Mkoa wa Shinyanga. Zahanati yake ilikuwa ng'ambo ya barabara. Kutoka ofisi ya walimu hadi kwenye benchi lake la wagonjwa ni mwendo wa dakika tatu.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Chama cha ushirika kilichozoea kununua pamba peke yake kilikuwa kinayumba, na wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuja na malori yao na mizani zao, mmoja amekaa kwenye kona hii, mwingine kona ile, wakinyang'anyana mzigo. Serikali nayo ilikuwa imeanza kutuambia kwa lugha ya semina kwamba jamii ichangie: ichangie madawati, ichangie chaki, ichangie matibabu. Mwalimu mkuu wetu aliielewa lugha hiyo upesi. Shule ilikuwa na shamba la pamba tangu zamani, la elimu ya kujitegemea, dogo tu. Yeye akaamua kulipanua mpaka kwenye pori la migunga nyuma ya vyoo, ili wanunuzi wakija nasi tuwe na mzigo, na shule ipate mabati. Sikuona ubaya, upepo ulikuwa umeezua darasa la tatu na watoto walikuwa wanasomea juani. Basi kila Ijumaa baada ya mapumziko, kuanzia darasa la nne kwenda juu, kila mtoto alikuja na panga kutoka kwao, tukafyeka pori hadi kengele ya kwenda nyumbani. Asiye na panga alirudishwa kulifuata. Aliyekosa alichapwa Jumatatu, na mchapaji mara nyingi nilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa kijana na mkono wangu ulikuwa na nguvu.

Katika darasa langu la nne alikuwamo msichana mmoja ambaye sitamtaja, na hata kijiji sikitaji kwa ajili yake. Alikuwa mwepesi wa hesabu. Mama yake alikuwa ameolewa mbali, kwa hiyo aliishi na bibi yake, wawili tu. Bibi yule alikuwa na macho mekundu. Mliokulia huku mnajua macho mekundu yanatoka wapi: ni miaka na miaka ya kupuliza moto wa kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kwa kuwa kuni ziliisha zamani. Ila mnajua pia yalivyokuwa yakitafsiriwa, kuwa ni alama ya uchawi. Mtoto wa jirani akafa, mganga wa kienyeji akaulizwa, macho yakatajwa, na jioni moja wanaume wakaingia na mapanga wakati bibi na mjukuu wake wanachambua kunde. Mtoto alijibanza nyuma ya kihenge cha mtama. Ama hawakumwona, ama walimwona wakamwacha. Yeye aliona yote. Sitaandika zaidi ya hapo, na anayetaka zaidi ya hapo ana lake.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hasira yangu inaanzia hapa. Hakuna hata mmoja kati yetu ambaye hakujua. Walimu wote sita tulikwenda msibani, na mwalimu mkuu akatoa neno kwa niaba ya shule. Mtoto akahamia kwa mjomba wake, siku ya kumi akarudi darasani, na mnajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza kwa nini alikosa jaribio la hesabu. Akasema, "Nilikuwa na msiba, mwalimu." Nikamwambia atalifanya peke yake wakati wa mapumziko, akalifanya, akapata tisa kwa kumi, nami nikaridhika kwamba yuko sawa. Wenzake walikataa kukaa naye dawati moja, maana mjukuu wa mchawi naye huhesabiwa humohumo. Nikampa dawati la peke yake nyuma ya darasa, nikaona nimemaliza tatizo. Ijumaa ya kwanza hakuja. Ya pili hakuja. Jumatatu nilimchapa viboko vitatu, Jumatatu iliyofuata vinne, nikaendelea hivyo kila wiki. Hakulia. Alilala kifudifudi kwenye benchi, akainuka, akasema "Ahsante mwalimu" kama tulivyowafundisha kusema, akarudi kwenye dawati lake. Nilidhani ni kiburi. Mwalimu mkuu alinipongeza. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema, na mimi nikacheka naye.

Ng'ambo ya barabara nako kulikuwa na upofu wake. Kila Alhamisi mchana, msichana yuleyule alifika zahanati akisema tumbo linamuuma na kichwa kinamgonga. Mara nyingine alitapika palepale kwenye benchi. Tabibu alimwangalia ulimi na kope, akaandika malaria, kwa sababu miaka ile kwetu kila kitu kilikuwa malaria, na sista akampa vidonge vya klorokwini, vichungu vile mnavyovikumbuka, avimeze akitazamwa. Mara nne alimmezesha kwa mkono wake mwenyewe. Hilo alinisimulia baadaye, na hakulisimulia kwa kujisamehe. Mara ya tano boksi la dawa la mwezi lilikuwa linakaribia kwisha, tabibu akamwambia aangalie ni kina nani wanarudiarudia. Akafungua daftari la wagonjwa, akashuka na kidole. Jina la mtoto lilikuwapo Alhamisi, Alhamisi, Alhamisi, na Alhamisi. Homa, hata mara moja, haikuandikwa. Malaria haina kalenda. Akamfuata mtoto kwenye benchi, akakaa kando yake.

"Ng'wanone," alimwita, ndiyo kusema mwanangu, "kesho kuna nini shuleni?"

"Kuna kufyeka."

"Na wewe hutaki kufyeka?"

Mtoto akatazama ng'ambo, shuleni. Halafu akasema, "Panga la mjomba linakaa mlangoni. Kila nikitoka naliona."

Sista hakumlazimisha aongeze neno. Hakumpa klorokwini siku hiyo. Alimpa uji, akamwambia aende nyumbani, akapanga kuvuka barabara kesho yake akimaliza wagonjwa wa asubuhi ili aje kuzungumza nasi. Alichelewa kwa muda mfupi sana, na katika muda huo mfupi nilifanya jambo ambalo nimelibeba mpaka leo.

Ijumaa ile nilikuwa nimechoka kumchapa. Nikajiambia viboko havimwingii, labda mtoto huyu anaogopa tu, na woga una dawa yake. Mimi nimekulia kwenye ng'ombe. Nilipokuwa mdogo nikiogopa dume letu, baba hakunibembeleza. Alinishika mkono akanishikisha pembe, akanishikilia hapohapo mpaka dume likanizoea nami nikalizoea. Kwetu ndivyo mtoto anavyotolewa woga, na Msukuma yeyote wa rika langu ataniambia alifanyiwa hivyohivyo na hakufa. Nikaenda mwenyewe kwa mjomba wake, nikamkuta mtoto ameketi jikoni, nikamleta shambani mbele ya darasa zima. Nikachukua panga, nikaliweka kwenye mkono wake wa kulia, nikavikunja vidole vyake kimoja kimoja kuzunguka mpini, nikaufunika mkono wake kwa mkono wangu. Nikamwambia, tena kwa sauti ya upole, "Kata tawi moja tu, halafu nitakuacha." Alisimama. Macho yake hayakuwa yakiangalia tawi wala mimi. Kisha akajikojolea, na watoto wakacheka.

Sista alitukuta hapo. "Mwalimu, mwachie mkono," alisema. Sikuuachia upesi, nadhani sikuelewa kwamba anasema na mimi. Akaja akavifungua vidole vyangu yeye mwenyewe, akachukua panga akalitupa mbali kwenye majani, akavua khanga yake ya kiunoni akamfunga mtoto. Halafu akawageukia wanaocheka. "Anayeona kuna la kuchekesha anifuate zahanati, sindano zinachemka." Walitawanyika kama kuku. Akampeleka mtoto ng'ambo, akarudi peke yake, akaingia ofisini nilipokuwa na mwalimu mkuu, akakunja mikono ya gauni.

"Mwalimu, ulikwenda kumzika bibi yake?"

"Nilikwenda, sista."

"Na chakula ulikula?"

"Nilikula."

"Walikwambia aliuawa na nini?"

Mwalimu mkuu akaona aniokoe. "Sista, tunakuheshimu, lakini shule ina utaratibu. Nikimwachia huyu, Ijumaa ijayo wote watakuja na bibi zao."

"Waje nao," sista alisema. "Mwenye bibi aliyekatwa yeye akiona, mwachie. Wakiwa kumi, waachie kumi. Wakiwa shule nzima, mwalimu mkuu, basi funga shamba tukae chini tulie, maana tutakuwa hatuna kijiji."

Nilipata aibu siku ile, ya kweli. Kabla jua halijazama nilivuka barabara, nikaingia chumba cha sindano, nikamkuta anapanga vifaa kwenye sinia. Nikamwambia, "Sista, nimekosa. Naomba unisamehe." Hata hakugeuka. "Mimi hujanikosea kitu, mwalimu," alisema. Nikatoka nikiwa mwepesi. Nilidhani huo ndio msamaha wenyewe, na kwa miaka mingi nilipowasimulia watu kisa hiki nilikuwa namalizia hapo, nikisifu moyo wa mama yule.

Dawa aliyoitumia haikuwa na jina. Ijumaa ni siku ya kliniki ya watoto, mizani imening'inizwa kwenye boriti ya baraza, foleni ya kina mama hadi barabarani. Sista akampangia msichana kazi ya kusoma uzito na kuuandika. Kwa kuwa alikuwa mwepesi wa hesabu, haikumchukua muda kugundua mtoto gani amepungua tangu mwezi uliopita kabla hata sista hajaangalia kadi. Hakumuuliza habari za bibi yake. Hakumwambia asahau, wala hakumwambia Mungu ana makusudi yake. Alimpa kazi, akampa uji wakati wa mchana, na kila asubuhi ya Ijumaa alimwambia mapema nani atakuja na nini kitafanyika, kitu kimoja baada ya kingine, ili siku isimshtukize. Kina mama wengine walinung'unika kwamba mjukuu wa mchawi asiwashikie watoto wao. "Anayeogopa, kliniki nyingine iko Malampaka," alijibu, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda mpaka kwenye stesheni ya treni kumpima mtoto kilo. Alhamisi zile za kutapika zikakoma. Nilipomwambia sista kwamba mtoto amepona, alinikaripia. "Nani kakwambia amepona? Amepata siku moja ya kupumua. Usimnyang'anye kwa kumwambia amepona."

Tulimnyang'anya. Miezi michache baadaye sista alipata barua kutoka kwa wakubwa wake, na naomba mkae vizuri mnapoisoma sababu yake: alituhumiwa kuingilia ratiba ya shule na kumtumikisha mwanafunzi wakati wa masomo. Sisi tuliokuwa tunawafyekesha watoto mia na zaidi pori la migunga ili tupate mabati, tulimshitaki yeye kwa utumikishaji, kwa mtoto mmoja aliyekaa kivulini akiandika kilo za watoto wachanga. Nasema sisi kwa sababu maelezo yalihitaji shahidi, na shahidi nilikuwa mimi. Mwalimu mkuu aliniletea karatasi ikisema kwamba mwanafunzi huyo hakuwapo shuleni siku za Ijumaa. Kila neno lilikuwa kweli, na nilikuwa nasubiri mwalimu mkuu anipitishie barua yangu ya kwenda chuo kujiendeleza. Nikasaini. Sista akahamishiwa zahanati ya mbali ambako hata baiskeli ilifika kwa kusukumwa. Ijumaa zikarudi, Alhamisi zikarudi, na tabibu mgeni akaandika malaria. Msichana aliacha shule darasa la tano. Kwenye daftari la mahudhurio niliandika "mtoro" kwa wino mwekundu, na hakuna aliyetoka ofisini kwenda kumtafuta. Mabati tulipata.

Nimeacha ualimu zamani, nimekuwa mtu wa kuandika, na kazi hii imenipeleka kwenye semina nyingi. Siku hizi jambo hili lina jina refu, lina mabango na lina washauri. Mwaka fulani nilialikwa Bariadi mjini kuripoti semina ya siku tatu kuhusu watoto waliopitia matukio ya kutisha. Ukumbi una feni, chai ina sambusa, mwezeshaji ana picha ukutani za ubongo wa mtoto. Sina ugomvi na picha za ubongo. Laiti ningeonyeshwa nikiwa kijana. Lakini nilinyoosha mkono nikauliza ni nani humu ndani amewahi kuwa na mtoto darasani au wodini aliyeona mtu wake akiuawa, au baba akimvunja mama mkono. Sikuona mkono uliobaki chini. Nikauliza walimfanyia nini. Mwalimu mmoja mama wa makamo akasema, "Tulichanga rambirambi tukapeleka." Nesi mmoja akasema, "Tulimtibu kidonda, tukamwandikia arudi shule." Kisha chai ikaja.

Ndiyo maana sikubali tunapoambiana kwamba tatizo letu ni elimu. Tatizo letu si kutokujua. Tulijua jina la bibi, tulijua siku aliyokufa, tulijua alikufaje, na tulikula ubwabwa wa msiba wake. Daftari la shule lilisema utoro wa Ijumaa, daftari la zahanati likasema malaria ya Alhamisi, na madaftari hayo mawili yalikaa wiki kadhaa kila moja kwenye kabati lake, mwendo wa dakika tatu, kwa sababu kila mmoja wetu aliona akimaliza la kwake amemaliza. Mwalimu anaona utoro na kiburi. Tabibu anaona malaria. Mjomba anaona mdomo wa kulisha. Mchungaji na katekista wanaona roho ya kuombewa. Aliyemwona mtoto alikuwa mtu mmoja, na huyo tulimwandikia barua. Nikisikia leo shule fulani inawatimua wanaochelewa huku ikijua fika kwamba mtoto anachelewa kwa kuwa anamficha mdogo wake baba akiamka na pombe, au hospitali inamkaripia binti anayekataa kuvua nguo apimwe bila mtu kujiuliza kwa nini anakataa, damu yangu inachemka. Na msiniambie habari za mila na desturi. Nimezaliwa ndani ya mila hizo. Hakuna mila ya Kisukuma inayosema mtoto akilia umpige mpaka aseme ahsante; hiyo tulijifunza chuoni, tukapewa na cheti.

Jumanne nilikwenda Nyalikungu kuzika. Afisa mmoja alisimama akasoma karatasi. Alisema marehemu alikuwa mvumilivu, mtiifu, na hakuwahi kugombana na mtu. Nilitamani nisimame nimwambie kwamba marehemu alikuwa mgomvi, na kwamba laiti idara yake ingekuwa na wagomvi watano wa aina ile, tungekuwa tunazungumza mengine. Sikusimama. Ni ile funika kombe mwanaharamu apite, tunayoiita heshima ya msiba.

Watu walipoanza kutawanyika kwenda kula, mama mmoja aliyebeba ndoo ya maji alisimama mbele yangu. Alikuwa mtu mzima, ana kitambaa kichwani na viatu vya mpira.

"Mwangaluka, mwalimu."

"Mwangaluka. Habari za kwako, mama?"

"Hunijui," alisema. "Mimi ni wa darasa la nne. Wa dawati la nyuma."

Alinieleza kwa ufupi kwamba anaishi Malampaka, ameolewa, anauza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga stesheni, ana watoto watatu. Sista alipohamishwa hakuacha kumtafuta. Kila mgonjwa aliyetoka upande ule alimuuliza, mpaka baada ya miaka miwili akampata, akawa anamchukua akae naye kila alipopata likizo ya kazi. "Huyu ndiye aliyenilea," alisema. "Nikiumwa, mpaka juzi nilikuwa nampigia simu yeye." Nami, kwa kukosa la kusema, nikashika lile nililozoea kulisimulia. Nikasema, "Alikuwa mtu wa ajabu yule mama. Siku ileile niliyokukosea nilikwenda nikamwomba msamaha, na hakunitupa."

"Aliniambia," alisema. Akaitua ndoo chini. "Na mimi nilikuona. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nje, nimefungwa khanga yake. Ulinipita ukaingia ndani ukamwomba yeye. Ulipotoka ukanipita tena."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayenikumbusha kitu nilichodondosha. Wanawake waliokuwa wanaosha masufuria walikuwa wanatusikiliza, na mimi ni mzee mwenye mvi, mgeni mwenye koti, niliyetoka kupewa kiti cha mbele. Nikavua kofia. Nikamwambia, "Mwanangu, nilikukosea. Nilikuchapa nikijua umefiwa. Nilikushikisha kile kitu. Nikasaini karatasi iliyomwondoa. Naomba unisamehe." Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimesikia, mwalimu," akasema. Hakusema amenisamehe, na sina haki ya kumdai aseme. Akainua ndoo yake akaenda kwa wenzake.

Sisi watu wazima wa nchi hii tunaombana radhi wakubwa kwa wakubwa. Ukimwonea mtoto, unamwomba radhi mama yake. Ukimwonea mwanafunzi, unamwomba radhi mwalimu mkuu. Ukimdhalilisha mgonjwa mdogo kitandani, unamwomba radhi bwana mganga asikuandike. Mtoto mwenyewe tunampita kwenye benchi, kwenda na kurudi. Najua wiki hii nitapata barua za kuniambia nimeandika vizuri. Msiniandikie. Mwalimu, nesi, tabibu, mjomba, kuna mtoto uliyemtesa juu ya mateso yake, na hivi unavyosoma jina lake umeshalikumbuka. Funga gazeti, nenda kwake, kaa chini urefu wenu ulingane, umwambie yeye.